Kabla ya Koti Jeupe: Mwanafunzi, Wodi na Azimio la Musoma

Mhadhara kwa wanafunzi wa sayansi, wazazi na watumishi wa afya, Musoma

  

Nimeombwa nizungumze juu ya vijana wanaotoka ng'ambo na kuja katika hospitali zetu za Mara kuiona kazi ya udaktari kabla hawajaamua kuisomea. Mimi ni muuguzi mkunga, na vijana wa namna hiyo nimewapokea wodini, nimewafundisha kunawa mikono, nimekula nao ugali na dagaa. Kwa hiyo nitawazungumzia. Lakini sikuja kuwazungumzia wao peke yao. Ninalotaka mlichukue ni hili: kijana yeyote anayetaka udaktari, awe wa Leeds au wa Bweri hapa Musoma, aione kazi hiyo kabla ya kuichagua, aione kwa kutazama na kuhudumu, wala si kwa kutibu, na mlango tunaomfungulia mgeni tumfungulie na mtoto wa hapa. Nitaonyesha pia kwamba wazo hili si la Kizungu. Liliwahi kupitishwa katika mji huuhuu wa Musoma, zaidi ya miaka 50 iliyopita.

Wanaokuja, na wanachokifuata

Tuanze kwa kuwatenganisha, maana tumezoea kuwaita wote wanafunzi wa udaktari, na hapo ndipo makosa mengi yanapoanzia. Wapo wanafunzi wa udaktari hasa. Hao wamekwisha kusoma miaka kadhaa, na chuo chao kinawaruhusu kufanya wiki chache za mafunzo ya vitendo katika nchi wanayoichagua. Wana barua ya chuo na msimamizi anayejulikana. Kisha wapo wale ambao hawajadahiliwa popote kusomea udaktari. Wamemaliza sekondari juzi, au wako chuoni wanasoma shahada nyingine. Hawa ndio ninaowalenga leo.

Uingereza, kijana huomba kusomea udaktari akiwa na miaka 17 au 18, na dirisha la maombi hufungwa katikati ya Oktoba, mapema kuliko la kozi nyingine nyingi. Marekani, mtu husoma kwanza shahada ya miaka minne, ndipo aombe kuingia shule ya udaktari kwa miaka minne mingine. Kote kuwili nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Vyuo basi huwauliza: umewahi kukaa karibu na mgonjwa? Unaijua kazi unayoiomba, au unalijua jina lake tu?

Swali hilo ni la haki kabisa. Tatizo ni kwamba limezaa biashara. Zipo kampuni zinazouza wiki mbili au nne za hospitali ya Afrika kwa fedha nyingi, na tangazo lake ni picha ya kijana mwenye koti jeupe aliyezungukwa na watoto. Yapo pia mashirika ya hisani yanayofanya kazi kwa uadilifu, yaliyokaa na vijiji vyetu miaka mingi, yanayomjua mganga mfawidhi na mwenyekiti wa kijiji. Tusiyachanganye haya mawili. Shirika la kweli humfikisha kijana hospitalini, hukaa naye, humsikiliza jioni, na humrudisha kwao akiwa ameelewa alichokiona. Mfanyabiashara humshusha mlangoni na kwenda uwanja wa ndege kumpokea mwingine.

Wazazi wa ng'ambo nao wanapaswa kujua kwamba baraza linaloviunganisha vyuo vya udaktari vya Uingereza, katika mwongozo wake kwa waombaji, halimtaki mtu asafiri mbali ndipo akubaliwe. Kijana anayewalisha na kuwasikiliza wazee katika nyumba ya kutunzia wazee mtaani kwao amepata alichotakiwa kukipata. Kinachopimwa ni alichojifunza juu ya wagonjwa na juu ya nafsi yake.

Kama ni hivyo, Mara ina nini cha kumfundisha anayekuja?

Kinachoonekana Musoma, Bunda na Butiama

Mpelekeni katika wodi ya watoto hapa Musoma majira ya mvua. Mtoto analetwa akiwa na homa, amelegea, viganja vyake vimekuwa vyeupe. Kipimo cha haraka kinaonyesha malaria. Anachomwa sindano ya artesuneti, lakini damu yake imeshuka sana, inabidi aongezwe. Hapo kijana anaanza kuona ambacho kitabu hakikumwonyesha: tiba ipo na inajulikana, lakini swali la asubuhi hiyo ni damu itatoka wapi, nani atamfuata baba aliyelala ziwani, na nani anabaki na watoto wengine nyumbani. Kitanda cha pili amelazwa mwenye selimundu, ambaye wauguzi wanamjua kwa jina kwa sababu hii si mara yake ya kwanza. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye selimundu duniani, na Kanda ya Ziwa ina sehemu kubwa ya mzigo huo. Kijana atamwona mama anayejua dalili za ugonjwa wa mwanawe kuliko daktari wa zamu. Akiwa na masikio, atajifunza kwamba kumsikiliza mama ni sehemu ya uchunguzi.

Mchukueni jioni hadi ufukweni Makoko. Yeye ameambiwa asikanyage majini kwa sababu ya kichocho. Atawaona watoto wakioga, wakichota, wakifua. Atajua kwamba shuleni hupewa vidonge vya prazikwanteli, na kwamba kidonge huua minyoo iliyomo mwilini lakini hakimzuii mtoto kurudi ziwani kesho. Akijiuliza dawa ya kichocho ni kidonge au ni bomba la maji, ameanza kufikiri kidaktari, au pengine kihandisi, na yote mawili ni mema.

Bunda ina somo lake. Mji uko kwenye barabara kuu inayotoka Mwanza kwenda Sirari, na hospitali teule ya pale ni ya kanisa inayohudumia wilaya kwa makubaliano na serikali. Barabara huleta biashara na huleta majeruhi. Kijana wa bodaboda analetwa amevunjika mfupa wa paja. Kazi ya kwanza ni kuzuia damu, kutuliza maumivu na kuufunga mguu usicheze. Baada ya hapo ndugu wanakaa chini ya mti na kuhesabu: atibiwe hapa, au aende Bugando, Mwanza? Nani aende naye, na kwa fedha ipi? Bugando imekuwa kimbilio la kanda hii tangu ilipofunguliwa mwaka 1971, lakini kwa mtu wa Kibara au Nyamuswa bado ni safari. Kijana anayekaa na ndugu hao kwa saa moja, bila kuwaingilia, ataelewa kwa nini wagonjwa wengine hufika wamechelewa. Hatawaita wajinga tena.

Na Butiama ninaipenda kuliko kote kwa kazi hii, kwa sababu ya kliniki ya mama na mtoto. Mizani imening'inizwa, akina mama wamekaa kwenye mabenchi na kadi mkononi, muuguzi mmoja anapima, anachanja, anaandika, anauliza, anakumbuka. Bibi kizee anaeleza habari ya mjukuu kwa Kizanaki na jirani anatafsiri. Hakuna king'ora wala upasuaji. Mgeni aliyekuja akitafuta msisimko hapo huchoka mapema. Aliyekuja kujifunza huona mahali ambapo maisha ya watu huokolewa kwa wingi.

Tazameni takwimu za taifa. Utafiti wa afya wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo vya akina mama vinavyotokana na uzazi kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Hatujamaliza kazi, lakini hatua hiyo ni kubwa, na haikuletwa na daktari mmoja hodari. Ililetwa na vituo vya afya vilivyojengewa vyumba vya upasuaji, wakunga waliokuwapo usiku, damu iliyopatikana kwa wakati. Nao mfumo wa m-mama umekuja kuongeza nguvu: ukipiga namba 115 bila malipo, mama mwenye dharura anatafutiwa gari la wagonjwa, na lisipokuwepo, gari la dereva wa kawaida aliyeingia mkataba. Mwanafunzi anayedhani udaktari ni mtu mmoja na kipimo cha mapigo shingoni, amjue na dereva huyo.

Tena Mara haikuanza leo kuwafundisha watu wa mbali. Mwaka 1961, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Kampala, alisafiri na wenzake wawili kwa gari karibu maili 10,000 katika Afrika ya mashariki na kusini. Hospitali kwa hospitali, waliuliza kama kunaonekana watoto wenye uvimbe wa taya uliomshangaza Uganda. Katika miaka iliyofuata, Glen Brubaker wa hospitali ya Wamenonaiti ya Shirati, kaskazini mwa mkoa huu, alikuwa miongoni mwa walioandika habari za uvimbe huo, ambao ni saratani, hapa. Kati ya 1977 na 1982 watoto wa Mara Kaskazini walipewa klorokwini, ili ijulikane kama kuipunguza malaria kutaipunguza na saratani. Majibu hayakuwa mepesi, kwa sababu ugonjwa ulikuwa umeanza kupungua hata kabla ya dawa kugawiwa. Lakini angalieni safari yote ilianzia wapi: kwa mtu kuuliza, kusikiliza, kuhesabu na kuandika. Mambo hayo manne hata mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kuyafanya bila kumgusa mgonjwa.

Mstari usiovukwa

Sasa niseme lililo gumu. Katika hospitali moja, ambayo sitaitaja, niliwahi kumkuta msichana mgeni wa miaka 18 amepewa uzi na sindano amshone mama aliyechanika wakati wa kujifungua. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Mama alikuwa amegeuza uso ukutani, kimya, kwa kuwa aliambiwa kwamba huyo ni daktari kutoka Ulaya. Nikaipokea ile sindano na kumaliza kazi. Msichana hakuwa na ubaya moyoni. Alikuwa ameambiwa kwamba huku ataruhusiwa kufanya yale ambayo kwao hangeruhusiwa, na aliyemwambia hivyo alilipwa kwa kumwambia.

Huo ndio mstari. Jambo ambalo kijana hawezi kulifanya Leeds wala Chicago, asilifanye Bunda. Mwili wa mama wa Nyamuswa si daftari la mazoezi. Tusijifiche nyuma ya uchache wa watumishi tukasema heri huyu kuliko hakuna mtu. Muuguzi yupo, mkunga yupo, tabibu yupo. Wamezidiwa, lakini wamesoma na wamesajiliwa. Sheria yetu ya mwaka 2017 inayosimamia madaktari na wataalamu wa afya shirikishi haimruhusu asiyesajiliwa kufanya kazi ya udaktari, na haimsamehe mtu kwa rangi yake wala kwa nia yake njema.

Wenzetu wa Marekani nao wameliona hili. Mwaka 2011 chama kinachoviunganisha vyuo vya udaktari vya nchi hiyo kilitoa mwongozo kwa wanafunzi wanaokwenda hospitali za ng'ambo, hata wale ambao hawajaanza udaktari, kuwaonya wasivuke kiwango cha mafunzo yao. Maana yake ni kwamba kijana anayejisifu katika barua yake ya maombi kwamba alizalisha akina mama Tanzania anaweza kuwa amejifungia mlango kwa mkono wake.

Na majirani zetu wa Uganda wamelipia somo hili kwa uchungu. Mwanamke wa Kimarekani asiye na mafunzo ya udaktari alifungua kituo cha watoto wenye utapiamlo Jinja. Mwaka 2019 akina mama waliofiwa na watoto wao, wakisaidiwa na shirika la sheria la wanawake, walifungua shauri wakidai kwamba alikuwa akitoa tiba asiyostahili kuitoa. Yeye alikanusha, na mwaka 2020 pande mbili zilifikia makubaliano bila yeye kukiri kosa. Simhukumu mtu hapa. Ninauliza tu: kwa nini palihitajika mahakama ili tuulizane nani anastahili kushika sindano?

Hatari nyingine ni ya kijana mwenyewe. Akijichoma kwa sindano iliyotumika, dawa ya kinga dhidi ya VVU inapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita ni hasara. Je, anajua amweleze nani? Je, amechanjwa homa ya ini? Hospitali inayopokea mwanafunzi bila kumuuliza hayo haijampokea, imemwacha tu apite.

Ninachoomba kwa mgeni kinatosha ukurasa mmoja. Avae beji inayosema MWANAFUNZI kwa Kiswahili. Asivae koti jeupe, maana kwetu kila aliyevaa koti jeupe huitwa daktari, na mgonjwa akishamwita mtu daktari hawezi tena kumkatalia. Mgonjwa aulizwe kwa lugha anayoielewa kama anaridhia kutazamwa, na akisema hapana, kijana atoke bila kinyongo. Simu ibaki nje ya wodi. Awe na msimamizi mmoja anayejulikana kwa jina, na ninapendekeza awe muuguzi, kwa kuwa muuguzi ndiye anayekaa wodini saa zote. Kazi zake ziwe kubeba, kupanga, kusafisha, kupima uzito akiwa amefundishwa, kusukuma machela, kukaa na mtoto ambaye mama yake amekwenda kufua, na kuandika jioni yale aliyoyaona. Anayeziona kazi hizo ni duni amekwisha kujipa jibu kuhusu udaktari.

Azimio lililopitishwa mjini hapa

Wanangu, huenda mnadhani kumtaka mtu afanye kazi kwanza ndipo akasome ni utaratibu wa Wazungu. Hapana. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga kwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria. Mwalimu Nyerere aliwarudisha nyumbani karibu 400, kisha akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kwa hoja kwamba wasomi na viongozi wote walikuwa wamejitenga mno na wananchi. Mwaka uliofuata akatoa Elimu ya Kujitegemea, akikosoa shule inayomng'oa mtoto katika jamii yake.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya chama cha TANU ikakutana hapa Musoma. Azimio la Musoma linakumbukwa zaidi kwa elimu ya msingi kwa wote, ambayo iliagizwa ikamilishwe mwaka 1977 badala ya kungoja 1989. Lakini lilikuwa na kipengele kingine: mwanafunzi wa kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Atumikie Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi walau miaka miwili, kisha apendekezwe na mwajiri wake na chama. Msingi wake ulikuwa kwamba mtu achague masomo akiwa ameyajua maisha, na waliofanya naye kazi watoe neno juu ya tabia yake.

Azimio hilo lilikuwa na kasoro, na ni wajibu wetu kuzisoma. Muda ulikuwa mrefu. Wasichana walioomba chuo kikuu walipungua, kwa kuwa miaka hiyo ya kungoja iliwakuta ndoa, uzazi na shinikizo la nyumbani, hata serikali ikawaondolea sharti hilo mwaka 1976/77. Taifa lilihitaji wataalamu wa sayansi upesi, masharti yakalegezwa, na hatimaye yakaachwa. Tena kazi aliyopangiwa kijana haikulazimika kuhusiana na masomo aliyoyataka. Miaka miwili ya kuandika stakabadhi ofisini haimwambii mtu kama anaweza kukesha na mgonjwa.

Kwa hiyo sisemi turudi 1974. Ninasema tuokoe kiini chake: kuona kabla ya kuchagua. Tukifupishe kiwe wiki badala ya miaka, tukiunganishe na fani yenyewe, na tukilinde kisimwangushe msichana.

Mtoto wa Bweri naye aingie

Kijana wa Uingereza anavuka bara zima ili aione wodi ya Musoma. Mwanafunzi wa PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, anayeishi nusu saa kwa miguu kutoka wodi hiyohiyo anaingia humo pale tu anapougua. Anajaza fomu ya udaktari kwa sababu amefaulu baiolojia, kwa sababu mjomba amesema, kwa sababu mwenye alama za juu hategemewi kuchagua kingine. Anasoma miaka mitano, mingi kwa mkopo, na mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo kazini. Wapo wanaogundua mwaka wa tatu, mara ya kwanza wanapokaa wodini, kwamba hapa si mahali pao. Kufikia hapo wazazi wameuza ng'ombe na kurudi nyuma kumekuwa aibu.

Nafasi ya kuzuia hilo ipo kwenye kalenda yetu. Kidato cha nne humaliza mtihani Novemba, matokeo hutoka Januari, na kidato cha tano huanza Julai. Katikati ya hapo wanafunzi hupewa nafasi ya kubadili tahasusi katika mfumo wa TAMISEMI. Miezi ya uamuzi ndiyo hiyo, na vijana wetu wengi huipitisha wakiuza duka au wakingoja tu.

Pendekezo langu ni wiki tatu. Ya kwanza katika zahanati ya kijiji, kama zile za Butiama, ili mwanafunzi aone afya ya watu wasiolazwa. Ya pili katika hospitali ya wilaya, kama Bunda. Ya tatu katika hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Musoma, ile ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa, ambayo wazee mliitazama kwa miongo ikiwa magofu na leo inapokea wagonjwa. Masharti yawe yaleyale niliyoyataja kwa mgeni, bila kupunguza hata moja. Iongezwe barua ya mzazi, na msichana alale kwa ndugu au mahali penye usalama.

Fedha itoke wapi? Mgeni analipa. Basi sehemu ya malipo hayo iingie hospitalini kwa risiti, ikanunue glavu, na igharamie nauli na chakula cha mwanafunzi mmoja wa hapa kwa kila mgeni mmoja. Kisha wawekwe pamoja. Yule wa Musoma anajua Kijita au Kikurya, anajua kwa nini bibi hatoi majina ya watoto wake kwa haraka, anajua kusalimu kabla ya kuuliza. Yule wa ng'ambo amezoea kuuliza maswali bila kuona haya mbele ya daktari, na watoto wetu tumewanyima mazoea hayo. Bugando walikwisha kuonyesha kwamba njia inaweza kupita pande zote mbili: chuo chao cha udaktari, kilichoanza 2003, kilishirikiana na Weill Cornell ya New York, na wanafunzi wakavuka kwenda na kuja. Kilichowezekana kwa wanafunzi wa udaktari kinaweza kuanzwa mapema zaidi, bila tiketi ya ndege.

Kwa wanaosita

Najua wapo watakaosema wodi zimejaa, tusiongeze watu. Ni kweli. Ndiyo maana wawe wawili tu kwa wakati mmoja, wenye kazi za mikono zinazompunguzia muuguzi mzigo. Mwenye kumzidishia mzigo aondolewe siku hiyohiyo.

Wapo wenye hofu kwamba tutawatisha vijana, na nchi inahitaji madaktari. Mwalimu Nyerere alizoea kukumbusha kwamba tulipata uhuru mwaka 1961 tukiwa na madaktari 12 Watanganyika. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilianza 1963, na leo tunavyo vyuo Muhimbili, Moshi, Mwanza, Dodoma na kwingineko. Wahitimu wanasubiri ajira huku vijiji vinasubiri tabibu. Hatuna tena sababu ya kumvuta asiyetaka. Tunamhitaji anayejua anakwenda wapi, atakayekubali kupangiwa Kibara na akabaki.

Na yule atakayebadili nia asionekane ameshindwa. Mwalimu, aliyeanza shule hapa Mwisenge mwaka 1934, alikwenda Edinburgh mwaka 1949. Alianza kwa kuongeza kemia na fizikia, kisha akachukua shahada ya sanaa na kuimaliza 1952. Hakuna anayesema aliikosea nchi. Nimemwona kijana mgeni aliyekuja akitaka upasuaji akaondoka ameamua kusomea mambo ya maji, kwa sababu alichoka kuona mtoto yuleyule akirudi na kuhara kulekule. Wiki zake hapa zilifanya kazi kamili.

Basi niwaage kwa maombi. Mzazi, kabla hujamwambia mwanao awe daktari, mwombe muuguzi wa zahanati yako akae naye siku moja ya kliniki. Mwalimu wa baiolojia, andika orodha ya wanaotaka udaktari, wasichana kwanza, uipeleke kwa mganga mkuu wa wilaya Januari hii. Wenye kuleta wageni, tuonyesheni risiti ya hospitali na jina la msimamizi, nasi tutawapokea kwa mikono miwili, maana mgeni njoo mwenyeji apone. Na wewe mwanafunzi, usisubiri mpango wa serikali ukamilike. Nenda zahanati ya kijijini kwenu na barua ya mzazi na ya shule, msalimu mfawidhi, mwambie unataka kujifunza na uko tayari kufagia. Akikukubalia, fagia vizuri, tazama, uliza, andika. Ukimaliza, rudi ujaze fomu yako, iwe ya udaktari, ya uuguzi, ya maabara, ya maji au ya ualimu, ukijua unachokiandika.